Anayeuza oili mpya aipokee na chafu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini haitupwi. Inawekwa. Itapakwa kwenye mbao za kenchi ili mchwa wasizile. Nguzo za uzio zitachovywa humo kabla hazijasimikwa. Mbao zinazofungiwa zege zitapakwa ili zege lisizigandie. Nyingine itaingia kwenye shimo la choo kuua viluwiluwi wa mbu, na kiangazi kikikaza itanyunyizwa mbele ya duka ili vumbi litulie. Wapo wanaompaka ng'ombe kwenye kidonda nzi wasimsogelee. Mnyororo wa baiskeli nao hupata mgao wake.

Ndiyo maana kampeni nyingi za mazingira haziwagusi wenye magari. Zinawasema kama wazembe wanaotupa ovyo, ilhali wengi wao ni wabana matumizi. Oili imelipiwa, na kwa mtu aliyeitafuta fedha yake kwa jasho, kumwaga kitu ambacho bado kinateleza mkononi ni hasara. Tabia hiyo ya kutunza ni nzuri na haifai kubezwa. Kinachohitajika ni kuigeuza uelekeo: oili chafu ina thamani ya kweli inaporudi kiwandani, na njia fupi ya kuirudisha ni kumfanya yule aliyeiuza ikiwa mpya aipokee ikiwa chafu. Hilo ni jukumu la serikali na wafanyabiashara. Upande wa nyumbani una kazi yake pia, nayo ni moja: kutochanganya.

Oili mpya ni mafuta ya madini, au ya kutengenezwa kiwandani, yaliyotiwa kemikali za kusaidia, zikiwemo zenye zinki na fosforasi, ili chuma kisisagane na chuma. Ikishazunguka kilomita elfu kadhaa ndani ya injini yenye moto, hutoka imebeba masizi, petroli ambayo haikuungua, chembe za chuma, shaba na risasi kutoka kwenye bearingi, pamoja na kundi la kemikali zinazozaliwa mafuta yanapoungua nusunusu, ambazo wanasayansi huziita hidrokaboni za polisikliki. Hizo za mwisho ndizo za kuogopa zaidi. Panya waliopakwa oili chafu ya injini za petroli kwenye ngozi, katika majaribio ya maabara, walipata saratani ya ngozi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu umejitosheleza.

Ushahidi huo haukuanzia maabara, ulianzia kazini. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wasokotaji nyuzi walikuwa wakiinama kutwa nzima mbele ya mitambo iliyorusha matone ya mafuta kwenye suruali zao. Kwa miongo mingi madaktari waliwaona wakiandamwa na saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kuliko watu wa kazi nyingine, na mwaka 1953 serikali ikatoa kanuni mahususi za kuwalinda. Fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Grogan jijini Nairobi au wa Kisekka jijini Kampala leo hajui habari za wasokotaji wale, lakini kitambaa chake cha kufutia mikono, kilicholowa oili, hukaa mfukoni mwa suruali kutwa nzima, karibu kabisa na mahali palepale. Jioni ananawa kwa petroli au dizeli, ambayo huyaondoa mikononi mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha ngozi wazi zaidi. Kupaka mafuta ya kupikia kwanza, kusugua, kisha kunawa kwa sabuni hufanya kazi hiyohiyo bila madhara hayo. Na kile kitambaa kisirudi mfukoni.

Kisha kuna maji. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba oili ya gari moja ikimwagwa inaweza kuharibu maji safi mara milioni moja ya ujazo wake. Injini ya Toyota IST au Vitz ya cc 1,500, ambayo barabara za Tanzania zimejaa, hubeba lita 3.7 za oili pamoja na filta. Kwa hesabu hiyo, kumwaga oili ya gari moja kunatosha kuharibu maji ya matangi 740 ya lita 5,000. Hakuna anayedai kwamba kila anayekunywa maji hayo atakufa. Maana yake ni kwamba kiasi kidogo mno cha mafuta hutosha kuyapa maji ladha na harufu ya kuyafanya yasinyweke, na utando wake juu ya maji huzuia hewa kuwafikia viumbe walio chini.

Dar es Salaam kaya nyingi hutegemea visima, na ardhi ya pwani ni mchanga unaopitisha haraka kinachomwagwa juu yake. Oili inayoingia mtaroni Gerezani haina safari ndefu kufika kwenye mkono wa bahari. Ile ya karakana za Grogan, kando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ina Mto Nairobi jirani. Mto huo huingia Athi, na Athi huteremka hadi kuitwa Sabaki na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mvuvi wa Malindi na fundi wa Grogan hawajawahi kuonana, lakini wanagawana maji.

Hoja ya vumbi inastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu ipo mahali duniani ambapo mji mzima ulifutwa kwa ajili yake.

Times Beach ulikuwa mji mdogo kando ya Mto Meramec, kusini-magharibi mwa St. Louis katika jimbo la Missouri, Marekani. Ulianzishwa mwaka 1925. Barabara zake nyingi zilikuwa za vumbi, na kati ya 1972 na 1976 mji ulimlipa mfanyabiashara wa oili chafu, Russell Bliss, azinyunyizie. Kazi hiyo alikuwa akiifanya kwingine pia. Mwaka 1971 alinyunyizia uwanja wa mazoezi wa zizi la farasi huko Moscow Mills. Baada ya siku chache ndege walianza kudondoka kutoka kwenye mapaa, kisha farasi wakaanza kukonda na kufa mmoja baada ya mwingine. Wachunguzi wa afya walipofika mwisho wa uchunguzi, mwaka 1974, waligundua kwamba oili ile ilikuwa imechanganywa na mabaki kutoka kiwanda cha kemikali cha mji wa Verona, mabaki yenye dayoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa na binadamu. Bliss alisisitiza kwamba hakujua kilichokuwemo.

Desemba 1982 Meramec ulifurika na kuufunika mji. Siku chache kabla ya Krismasi, wakazi waliokuwa wameanza kufua mazulia na kuanika makochi waliambiwa wasirudi tena. Februari 1983 serikali kuu ilitangaza kwamba itawanunulia nyumba zao, watu zaidi ya 2,000. Mji ulivunjwa kisheria mwaka 1985. Udongo ulichomwa kwenye tanuru maalumu hadi 1997, na leo mahali pale ni hifadhi ya matembezi isiyo na mkazi hata mmoja.

Oili ya injini ya IST haina dayoksini ya Verona. Lakini kilichowaponza watu wa Times Beach kipo hapa kwetu pia: pipa la oili chafu halionyeshi kwa macho kilichoongezwa ndani yake. Rangi nyeusi inaficha kila kitu. Tinar iliyobaki kwa mpiga rangi, mafuta ya breki, mafuta ya transfoma, kulanti, vyote huzama humo na kupotea. Anayenunua dumu la oili chafu barabarani ili apake kenchi za nyumba ambayo watoto wake watalala chini yake, ananunua historia ya magari asiyoyajua.

Na zipo njia nyingine za kupata kilekile kinachotafutwa. Vumbi la mbele ya duka hutulizwa na changarawe, na hudumu zaidi. Mbao zipo zilizotibiwa kiwandani, na dawa za mchwa zilizosajiliwa zinapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Watu wa mwambao walihifadhi majahazi yao karne na karne kwa sifa, yaani mafuta ya papa, na kwa deheni ya chokaa na shahamu iliyopakwa chini ya mkuku, na vyombo hivyo vilikwenda Maskati na kurudi kabla injini ya kwanza haijawaka.

Kuhusu mbu, haki itendeke: desturi ya kumwaga mafuta juu ya maji ili kuua viluwiluwi haikubuniwa uswahilini. Ilikuwa njia rasmi ya idara za afya. Wakati wa ujenzi wa Mfereji wa Panama, kati ya 1904 na 1914, madimbwi na mitaro ilinyunyiziwa mafuta kwa amri ya wakuu wa afya, na njia hiyo ikaenea duniani. Lakini Zanzibar ilitoa jibu bora. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, watafiti walimimina shanga nyepesi za polistirini kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Shanga hizo huelea na kufunga uso wa maji, mbu anakosa pa kutagia na viluwiluwi wanakosa hewa. Mbu waenezao matende walipungua mno, na tabaka lile liliendelea kufanya kazi kwa muda mrefu, tofauti na oili inayohitaji kuongezwa kila mara huku ikididimia kuelekea kisimani.

Oili angalau inatisha kwa sura yake. Kulanti haitishi, na hilo ndilo baya lake.

Magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani huja na kulanti ndani ya rejeta, nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu, rangi za sharubati. Kiini chake kwa kawaida ni ethilini glikoli, kimiminika kitamu. Mbwa huilamba. Paka huilamba. Mtoto akiikuta kwenye chupa ya soda ataimaliza. Ikishaingia mwilini, ini huivunja na kuzalisha asidi ambayo huungana na kalsiamu na kuwa chembe ngumu zinazoziba figo. Paka wa kilo nne anaweza kuuawa na kiasi kinachozidi kijiko kimoja cha chai kwa matone tu. Dunia ilikumbushwa ukali wa kundi hili la kemikali mwaka 2022, pale watoto wasiopungua 66 nchini Gambia walipokufa kwa kushindwa kwa figo, vifo vilivyohusishwa na dawa za kikohozi zilizokutwa na ethilini glikoli na ndugu yake diethilini glikoli. Zilikuwa dawa za maji, tamu, zilizonunuliwa na wazazi waliotaka wanao wapone.

Kwa hiyo fundi anayefungua rejeta nyumbani kwa mtu na kuiacha kulanti itiririke uani hadi ijitengenezee kidimbwi chini ya mwembe ameacha sumu mahali ambapo kuku, paka na watoto hupita. Ikingwe kwenye beseni, imiminwe kwenye dumu lenye kizibo, iandikwe. Isiende chooni wala kwenye karo, kwa sababu nyumba nyingi za miji yetu hazijaunganishwa na bomba kuu la maji taka na kinachoingia kwenye karo hubaki ardhini palepale. Na kwa hali yoyote isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hospitali zetu zinawajua vya kutosha watoto waliokunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa za soda.

Mafuta ya breki hayahitaji maneno mengi. Hubabua rangi ya gari, hunyonya unyevu wa hewani hivyo yaliyokaa wazi hayafai kurudishwa kwenye gari, na yakikutana na unga wa klorini, ule wa kutibia maji ya kisima, huweza kulipuka moto bila kiberiti. Yakae mbali na klorini, na yawe na chombo chake peke yake.

Betri ndiyo inayobeba msiba mkubwa kuliko vyote, na ushahidi wake uko kwenye mwambao huu. Ndani ya betri ya gari dogo mna asidi ya salfuriki na kilo kadhaa za risasi. Mtu akiona betri imekufa, huja mnunuzi wa vyuma chakavu, naye kabla ya kuipima uzito humwaga maji yake mtaroni. Maji hayo si asidi tupu, yamebeba risasi. Kutoka hapo betri huenda kwa anayeiyeyusha.

Owino Uhuru ni makazi ya watu wa kipato cha chini jijini Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa ofisini humo, alimuona mwanawe mchanga akiugua ugonjwa ambao madaktari hawakuujua, hadi kipimo cha damu kilipoonyesha sumu ya risasi. Alianza kuuliza maswali, akakamatwa, akaendelea kuuliza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi uliotenguliwa katika rufaa, kisha ukapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliurejesha Desemba 2024. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu moshi wa kwanza. Wakazi wa Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, hawakupata hata muda wa kwenda mahakamani: kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa baada ya udongo wa eneo lao kujaa risasi ya betri zilizokuwa zikivunjwa hadharani.

Betri nzima, isiyomwagwa, irudishwe kwenye duka inakonunuliwa mpya. Maduka mengi hupokea kuukuu na kupunguza bei, na huo ni mfumo unaofanya kazi tayari. Asidi ikimwagika sakafuni, inyunyiziwe magadi au chokaa hadi povu liishe, ndipo maji yafuate, na anayefanya hivyo avae glavu na kulinda macho.

Namna ya kumwaga oili nyumbani bila kuchafua si jambo gumu, ila lina mpangilio wake. Gari liwashwe kwa dakika chache ili oili iwe vuguvugu, kwani ikipoa hugoma kutoka na ikichemka huunguza. Liegeshwe pasipo mteremko, liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi za chuma. Si juu ya tofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Chini itandikwe boksi, juu yake karai pana. Spana namba 14 inafungua nati ya kumwagia oili ya IST, na nati ikiachia, oili haidondoki wima. Huruka mbele kwa kiganja kizima, kisha kadiri inavyopungua mkondo hurudi nyuma taratibu hadi kuwa matone. Asiyejua hilo huweka karai chini ya nati kabisa na lita ya kwanza huishia kwenye sakafu. Karai litangulizwe mbele kidogo, lisogezwe kadiri mkondo unavyorudi, na matone yaachwe hadi yakome.

Filta nayo hutoka na oili yake, karibu kikombe kizima, na wengi huitupa hivyohivyo kwenye ndoo ya taka. Itobolewe kichwani, ipinduliwe juu ya karai, ikae usiku kucha. Baada ya hapo ni chuma chakavu cha kawaida.

Chombo bora cha oili chafu ni lile kopo la plastiki la lita nne ambalo oili mpya imetoka muda huohuo. Lina kizibo kinachokaza, halijawahi kubeba maji ya kunywa, na lina ujazo unaotosha. Oili ya injini, ya giaboksi na hidroliki ya usukani vinaweza kukaa pamoja. Kingine chochote kikiingia, hata glasi moja ya tinar au mafuta ya breki, pipa zima litakalopokea kopo hilo linaweza kukataliwa na msafishaji. Kilichomwagika sakafuni kifunikwe kwa vumbi la mbao au mchanga, kiachwe kinyonywe, kifagiliwe. Sabuni na ndoo za maji huihamisha oili hadi mtaroni, na sakafu inayong'aa haimaanishi kwamba imekwisha.

Baada ya hapo kopo linakwenda wapi? Swali hili ndilo linalowavunja moyo watu wema. Kwa sasa majibu ni mawili yenye uhakika kiasi: gereji kubwa au kituo cha mafuta chenye huduma ya kubadili oili, ambacho kina pipa lake, au mkusanyaji mwenye kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 na kanuni zake, kama ilivyo kwa sheria na kanuni za Kenya, zinawataka wanaokusanya na kusafirisha taka hatarishi wawe na vibali, vinavyotolewa na NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya. Mwenye gereji ana haki ya kumwambia mnunuzi wa oili chafu: nionyeshe kibali, niambie unaipeleka wapi. Ikienda kwenye tanuru la saruji linalofikia nyuzi joto 1,450, moto huo huivunja sumu. Ikienda kwenye kalibu ya mtaani ya kuyeyushia alumini, moshi wake unavutwa na jirani. Na wapo wanaoichuja, kuijaza kwenye makopo yenye nembo na kuiuza kama mpya.

Watetezi wa hali ilivyo husema soko linatosha, kwa kuwa oili chafu tayari inanunuliwa. Soko hilo huchukua kinachouzika na kuacha kinachoua. Hakuna anayepita mtaani akinunua kulanti, mafuta ya breki au filta. Na bei ya oili chafu haimuulizi mtu ameichanganya na nini, hivyo mwenye kuongeza uchafu ili ujazo upande hupata faida kuliko mwaminifu.

Oili haizeeki, huchafuka tu. Kwa takwimu za Marekani, lita 3.8 za oili chafu zikisafishwa upya hutoa kama lita 2.4 za oili nzuri ya injini. Kupata kiasi hichohicho kutoka kwenye mafuta ghafi huhitaji pipa zima la lita 159. Kwa nchi zinazonunua oili kwa fedha za kigeni, hilo ni jambo la hazina ya taifa kama lilivyo la mazingira.

Mifano ya kufuata ipo. Ujerumani humlazimisha muuzaji wa oili kupokea bure oili chafu kwa kiasi kilekile alichomuuzia mteja. Afrika Kusini, tangu 1994, ina Wakfu wa ROSE, unaogharamiwa na kampuni za vilainishi zenyewe ili kusimamia ukusanyaji wa oili chafu nchini kote. Kenya imeshafungua mlango: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Tanzania inaweza kwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Kila anayeingiza au kuchanganya oili nchini alipe tozo ndogo kwa lita. Tozo hiyo iwalipe wakusanyaji wenye vibali. Kila duka la jumla na kila gereji iliyosajiliwa iwe na pipa la oili, na dumu la kulanti pembeni yake. Kulanti iwe ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza, la sivyo itaachwa mtaroni kama ilivyo sasa.

Wenye maduka madogo ya spea watalalamika kwamba hawana nafasi ya pipa, na wana haki. Chumba cha futi kumi kwa kumi kilichojaa plagi na bushi hakiwezi kubeba mzigo huo. Badala yao, pipa lianzie kwenye kijiwe cha bodaboda. Pikipiki moja hutoa oili isiyozidi lita moja na nusu, mara nyingi pungufu, lakini huibadilisha mara nyingi, na hubadilishwa palepale barabarani, juu ya mtaro. Kijiwe chenye pikipiki 40, kila moja ikitoa lita moja, kitajaza pipa la lita 200 kwa mizunguko mitano. Kina mwenyekiti, kina daftari la michango, kina mahali panapojulikana. Kinachokosekana ni pipa lenye mfuniko na gari la kuja kulichukua.